MWALIMU NAYE HUFUNDISHWA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu akisha kupata cheti chake amemaliza kujifunza, na kazi iliyobaki ni kugawa alichonacho mpaka siku ya kustaafu, kama mtu agawaye maji kutoka mtungini. Mawazo hayo si ya kweli. Mtungi usiojazwa hukauka, na tena maji yaliyomfaa mnywaji wa jana huenda yasimfae wa leo. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji jinsi walimu wa vyuo fulani huko Marekani wanavyojifunza kufundisha huku wakiwa kazini, na kwa nini jambo hilo liliokoa wanafunzi wengi waliokuwa wakipotea njiani. Nimechagua vyuo hivyo kwa sababu shida yao yafanana sana na yetu, ingawa wako mbali nasi.

Vyuo vyenyewe huitwa vyuo vya jamii. Kilicho kikongwe kuliko vyote katika vile vya serikali ambavyo vingali vikifundisha ni chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois. Kilianza mwaka 1901 na wanafunzi 6 tu. Waliokianzisha ni J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya mji ule, na William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Shabaha yao ilikuwa vijana wa mji ule wapate miaka miwili ya mwanzo ya masomo ya juu bila kuacha makwao. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman ilishauri kwamba vyuo vya namna hiyo vienezwe nchini kote, viwe karibu na watu, na ada yao iwe ndogo au isiwepo kabisa. Tangu hapo viliongezeka upesi, na leo vyafika kiasi cha elfu moja.

Jambo kubwa la vyuo hivi ni kwamba mlango wake u wazi. Chuo kikuu chenye sifa huchagua wanafunzi wenye alama za juu na kuwakataa wengine. Chuo cha jamii humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Basi katika darasa moja utamkuta kijana wa miaka 18, na karibu yake mama mwenye watoto watatu ambaye hajashika kitabu kwa miaka kumi, na nyuma yao mtu aliyetoka kazi ya usiku na macho yake mazito kwa usingizi. Yuko pia mgeni aliyehamia nchini mwaka jana, ambaye Kiingereza bado chamshinda. Wote hao wamekaa mbele ya mwalimu mmoja, na wote wataka kufaulu.

Hapo ndipo shida ya mwalimu inapoanza. Mwalimu wa shule ya msingi au sekondari hupita kwanza katika chuo cha ualimu, akafundishwa namna ya kupanga somo na namna ya kumshika mtoto asiyeelewa. Lakini mwalimu wa chuo cha jamii aghalabu huajiriwa kwa sababu ya elimu yake katika somo lenyewe. Anayo shahada ya juu ya hesabu au ya historia, lakini huenda hakuna mtu aliyemwonyesha hata siku moja jinsi ya kuifundisha hesabu hiyo. Basi hufundisha kama alivyofundishwa yeye: husimama mbele, husema, huandika ubaoni, na kengele ikilia huondoka. Njia hiyo ilimfaa yeye kwa sababu alikuwa mwanafunzi hodari. Haiwafai wale waliokaa mbele yake.

Wakubwa wa vyuo waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu aliyeitwa B. Lamar Johnson aliunda umoja wa vyuo vya jamii uliokusudiwa kutafuta na kueneza njia mpya za kufundisha. Mwaka 1978 kikaanzishwa chama kingine katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, kwa ajili ya kuwaendeleza walimu wa vyuo hivyo. Tangu hapo walimu hukutana katika mikutano, husomeana habari za kazi zao, na hupeana mashauri. Mambo haya ni mema. Lakini, kama mjuavyo, mtu aweza kwenda semina siku tatu, akapewa kalamu na daftari, akarudi nyumbani na kufundisha vile vile kama kwanza. Semina peke yake haibadili darasa. Kinachobadili darasa ni mwalimu kujua kwa hakika nini kinachotokea katika vichwa vya wanafunzi wake. Nitaeleza mifano miwili, mmoja mdogo na mmoja mkubwa.

Mfano mdogo ni ule wa karatasi ya dakika moja. Kila mmoja wetu anajua desturi hii: mwalimu akimaliza kueleza huuliza, "Mmeelewa?" nasi kwa sauti moja hujibu, "Ndiyo!" Mwalimu hufurahi na kuendelea mbele. Lakini jibu lile halina maana yo yote. Aliyeelewa amejibu ndiyo. Asiyeelewa naye amejibu ndiyo, kwani anaona haya kuwa peke yake, tena anaogopa kuchekwa. Na wako wengine ambao hawajui kama hawajaelewa, mpaka siku ya mtihani iwafunulie.

Mwalimu mmoja wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, jina lake Charles Schwartz, alikuwa na dawa ya jambo hili. Dakika chache kabla ya mwisho wa kipindi aliwataka wanafunzi wachukue kipande cha karatasi na kujibu maswali mawili: Ni jambo gani kubwa ulilojifunza leo? Na ni swali gani lililobaki bila jibu? Kisha mwalimu hukusanya karatasi. Majina hayatakiwi kuandikwa, wala alama hazitolewi, hivyo mwanafunzi hana sababu ya kuogopa. Jioni mwalimu huzisoma. Akiona kwamba wanafunzi 30 kati ya 40 wameuliza swali lile lile, hana haja ya kumlaumu mtu; ajua kwamba pale ndipo somo lilipokatika, na kesho yake ataanzia pale pale.

Wataalamu wawili, K. Patricia Cross na Thomas Angelo, walikusanya njia nyingi za namna hii katika kitabu kimoja. Chapa ya mwaka 1993 ya kitabu hicho ina njia 50, na karatasi ya dakika moja ni mojawapo iliyopendwa sana na walimu wa vyuo vya jamii. Sababu yake yaonekana wazi. Haihitaji mashine, haihitaji fedha wala ruhusa ya wizara. Yahitaji karatasi, na moyo wa mwalimu aliye tayari kusoma kwamba somo lake halikueleweka. Hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Sasa natoa mfano mkubwa. Nimesema kwamba mlango wa vyuo hivi u wazi. Lakini ndani ya mlango ule mlikuwa na milango mingine. Mwanafunzi alipofika, alipewa jaribio la hesabu na la Kiingereza. Akionekana dhaifu hakuruhusiwa kuingia katika masomo yenyewe ya chuo. Alipelekwa kwanza katika masomo ya kujaza mapengo. Wengine walipewa somo moja la namna hiyo, na wengine mawili au matatu, moja baada ya jingine. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa vyuo vya jamii walikuwa wakipitia masomo hayo. Walimu walidhani wanawasaidia, nao kwa kweli walikuwa na nia njema. Aliye dhaifu apewe muda zaidi. Nani angeweza kulikataa shauri hilo?

Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme wanafunzi 100 wameingia katika somo la kujaza pengo, na saba katika kila kumi wanafaulu. Hao ni 70, na mwalimu wao aona amefanya kazi nzuri. Kisha tuseme katika hao 70, saba katika kila kumi ndio wanaorudi kujiandikisha kwa somo linalofuata. Wengine wamepata kazi, au wameuguliwa, au nauli imewaishia. Wamebaki 49. Katika 49 hao, saba katika kila kumi wakafaulu somo lenyewe la chuo. Wamebaki 34 tu. Katika kila hatua hakuna aliyefanya vibaya, na hata hivyo wanafunzi 66 kati ya 100 wamepotea. Namba hizi nimezitunga mimi ili kueleza, lakini mambo yenyewe ndivyo yalivyokuwa yakienda. Kila mwalimu aliona darasa lake tu. Hakuna aliyeona njia nzima.

Mtu mmoja aliyeiona njia nzima ni Peter Adams, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha jamii cha wilaya ya Baltimore, jimbo la Maryland. Aliwafuatilia kwa miaka kadhaa wanafunzi waliopitia somo la kujaza pengo la kuandika, akaona kwamba takriban theluthi moja tu ndio waliofika na kufaulu somo la kwanza la kuandika la chuo. Tena aligundua kwamba wengi wa waliopotea hawakuanguka mtihani, waliacha tu. Njia ilikuwa ndefu, na maisha yaliwakata miguu kabla hawajafika. Juu ya hayo, mtu akiisha kuambiwa kwamba yeye si wa darasa la wenzake, huanza kuliamini neno hilo moyoni mwake.

Basi mwaka 2007 Adams na walimu wenzake walijaribu njia nyingine. Waliuondoa mlango wa katikati. Waliwachukua wanafunzi wanane walioonekana dhaifu wakawaweka moja kwa moja katika somo la chuo, pamoja na wenzao kumi na wawili waliokuwa tayari, jumla yao 20. Kipindi kilipokwisha, wale wanane walibaki na mwalimu yule yule kwa kipindi kingine cha kwao peke yao. Hapo waliuliza maswali waliyoona haya kuyauliza mbele ya wengine, walisoma tena insha zao, na walijiandaa kwa kazi ya kesho. Mwalimu naye, kwa kuwa walikuwa wanane tu, aliwajua kila mtu kwa jina na shida zake. Akikosa mmoja siku mbili, aliweza kumwuliza sababu.

Matokeo yake yalichunguzwa na watu wa nje, yaani watafiti wa kituo cha uchunguzi wa vyuo vya jamii kilichoko katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 2012 waliandika kwamba katika wanafunzi waliofuata njia mpya, karibu robo tatu walifaulu somo la kwanza la chuo. Na katika wale waliofanana nao ambao walifuata njia ya zamani, waliofaulu hawakufika nusu. Njia hii imeenea katika vyuo vya majimbo mengi. Mwaka 2017 jimbo la California lilipitisha sheria inayovitaka vyuo vya jamii kuwapanga wanafunzi kwa namna itakayowapa nafasi kubwa kabisa ya kumaliza masomo ya Kiingereza na hesabu ya ngazi ya chuo katika mwaka mmoja.

Yafaa tuseme ukweli wote. Njia mpya haikufuta kuanguka. Wako wanafunzi wanaowekwa moja kwa moja katika somo la chuo na kulishindwa, na wako walimu wanaoona kwamba mlango wa katikati uliondolewa upesi mno. Jambo lililo wazi ni hili: kumwingiza mwanafunzi dhaifu katika darasa gumu bila kumsaidia mwalimu wake ni kama kumtupa mtu kisimani ili ajifunze kuogelea. Kule Baltimore walimu walikuwa wakikutana na kuulizana: Wewe hukifanyia nini kile kipindi cha pili? Kazi gani imewasaidia wanafunzi wako? Mwanafunzi mwenye shida ya nyumbani umemfanyaje? Mikutano ya namna hiyo ndiyo mafunzo yenyewe. Hapana mgeni rasmi wala hotuba. Pana walimu, kazi za wanafunzi mezani, na swali la kweli.

Kizuizi kikubwa ni wakati. Katika vyuo vya jamii vya Marekani, karibu theluthi mbili ya walimu ni walimu wa muda. Hulipwa kwa kila somo wanalofundisha, wala si kwa mwezi kama watumishi wa kudumu. Wengi wao hufundisha asubuhi katika chuo kimoja na jioni katika chuo kingine, na hawana hata chumba cha kukutana na mwanafunzi. Ukimwita mtu kama huyo katika mkutano wa kujifunza, unamwomba atoe saa zake bure. Kwa hiyo vyuo vinavyotaka walimu wajifunze kwa kweli huona kwamba yapasa kuwalipa kwa saa hizo, au kuwapunguzia vipindi. Nchi tajiri kama ile nayo yaona taabu kutoa saa mbili kwa juma kwa ajili ya mwalimu. Basi tusishangae ikiwa kwetu nako si kazi rahisi.

Kwetu Tanzania, vyuo vinavyokaribia kufanana na hivyo ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa shule za watu wazima za Sweden. Na kwa walimu wa shule uko mpango uitwao MEWAKA, maana yake Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika mpango huo walimu wa shule moja hukaa pamoja shuleni mwao na kujadili masomo yaliyo magumu kufundisha. Wako wazazi wanaonung'unika wakisikia kwamba walimu wako katika kikao: "Walimu hawa hawana kazi?" Nawaomba wazazi hao wafikiri tena. Ikiwa walimu wale wanaulizana kwa nini Kidato cha Pili hakielewi sehemu za aljebra, basi saa ile ni ya mtoto wako.

Nasi wanafunzi tuna sehemu yetu. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia Kidato cha Kwanza tukakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote kwa Kiingereza. Sisi ni kama yule mgeni niliyemtaja darasani Marekani. Twanyamaza, na kimya chetu mwalimu hukidhania ni kuelewa. Mwanafunzi aliyeshindwa na neno moja tu, tuseme neno la Kiingereza la "mizani" katika sura ya kemia, aweza kuipoteza sura nzima, na mwalimu asijue mpaka matokeo yatoke. Wakati huo mwalimu hana la kufanya, na mwanafunzi amekwisha kuandikiwa daraja lake.

Kwa hiyo natoa shauri dogo, nalo halihitaji fungu la fedha. Mara moja kwa juma, katika somo moja tu, viranja wa madarasa na walimu wakubaliane kuzitumia zile dakika za mwisho kwa karatasi ya dakika moja. Karatasi iwe nusu ya ukurasa wa daftari lililokwisha. Mwanafunzi asiandike jina, na aruhusiwe kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwani tunatafuta mawazo yake, hatuipimi lugha yake. Tena asiandike "sijaelewa kitu", maana neno hilo halimsaidii mwalimu, aandike mahali penyewe: "Sikuona kwa nini ishara ilibadilika mstari wa tatu." Mwalimu naye aanze kipindi kinachofuata kwa kujibu swali moja au mawili yaliyorudiwa na wengi. Wanafunzi wakiona kwamba maswali yao yamejibiwa, wataandika kwa uangalifu zaidi juma linalofuata. Wakiona karatasi zimetupwa, hawataandika tena.

Mwisho, nataka tukumbuke ile hesabu ya wanafunzi 100. Hata katika shule yetu kila mwalimu huona somo lake, kila mzazi huona mtoto wake, na kila mwanafunzi huona daftari lake. Anayeweza kuwahesabu wanaopotea njiani ni yule anayesimama kando na kuitazama njia nzima, kisha akathubutu kuuliza sababu. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Neno hilo twalihubiriwa sisi wanafunzi siku zote. Walimu wale wa vyuo vya jamii wameonyesha kwamba ni neno la mwalimu pia, na mwalimu akilishika, wanaofaidika kwanza ni wanafunzi wake.